Pua juu kama ngalawa: skii za roka kwenye unga, ukoko na barafu

Kila ikikaribia Oktoba, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja. Mtu kapata nafasi ya kusoma Japani, Austria au Kanada, kasikia kwamba huko wakati wa baridi watu wanateleza milimani, na tayari keshaona jozi ya skii, zile mbao za kutelezea, pana, pua zimepinda juu, zinauzwa nusu bei. "Kaka, nizichukue?" Ujumbe wa sauti wa kujibu swali hilo umeshakuwa mrefu kuliko hotuba ya harusi, ndiyo maana nimekaa kuandika. Nilikuwa Sapporo misimu mitatu ya baridi, miwili kati yake nikifanya kazi za jioni kwenye karakana ya kukodisha na kutengeneza skii, ndani ya zile saa 28 kwa wiki anazoruhusiwa mwanafunzi mgeni. Sasa nipo Tabata, Dar, joto nyuzi 32, na baadhi ya makosa ya kule bado yananiuma mfukoni.

Tuanze na umbo, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Skii ya kizamani ukiilaza sakafuni inagusa chini sehemu mbili, karibu na pua na karibu na mkia. Katikati imenyanyuka milimita chache. Upinde huo unaitwa kemba. Ukiukanyaga unalala, uzito wako unasukumwa hadi kwenye ncha zote mbili, na makali ya chuma yanauma theluji kwa karibu urefu wote. Roka ni kinyume chake: pua inaanza kuondoka chini mapema, tuseme sentimita 30 kabla ya ncha, na mara nyingi mkia nao unafanya hivyohivyo. Aliyewahi kusimama Msasani akaangalia ngalawa zikitoka hahitaji mchoro. Sehemu ya omo imenyanyuliwa ili chombo kipande juu ya wimbi, kisilichome.

Na wazo lenyewe kweli lilitoka majini. Shane McConkey, mtelezaji aliyejulikana kwa vituko vyake, aliwahi kushuka milima ya Alaska akiwa amevaa skii za kuburutwa na boti, akaona kwamba theluji ya kina inafanana zaidi na maji kuliko barafu. Mwaka 2002 kampuni ya Volant ikatoa skii aliyoisukuma yeye, Spatula: imepinda kama ndizi, katikati ina milimita 125, na ni pana zaidi katikati kuliko kwenye ncha, kinyume kabisa na skii zote zilizokuwa madukani. Watu walicheka. Leo karibu kila skii ya kuuzwa ina angalau roka kidogo puani. Nyingi ni za mseto: roka mbele, kemba ndogo chini ya buti, roka nyuma.

Dukani usimtegemee muuzaji. Chukua jozi, zigeuze matumbo yatazamane, zibane katikati kwa mkono mpaka zigusane, kisha angalia zinapoachana mbele na nyuma. Pima kwa rula. Zikiachana sentimita 15 kutoka ncha, hiyo roka ni ya mapambo. Sentimita 30 hadi 40 mbele, na 20 hadi 30 nyuma, hapo umeshika skii ya unga, yaani ya theluji mpya, kavu na ya kina. Zikigusana katikati tu na kuanza kukimbiana tangu chini ya buti, hiyo ni roka nzima; kama huishi mahali theluji inapoanguka kila usiku, irudishe taratibu ulipoitoa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa urefu. Niliambiwa skii ifike puani au kwenye paji la uso, nikanunua ya sentimita 172 kwa yeni 38,000. Ushauri ule ni wa skii za kemba. Kwenye roka, pua na mkia vinaelea hewani unapokuwa kwenye theluji ngumu, kwa hiyo sehemu inayofanya kazi kwenye jozi ile ilikuwa kama sentimita 115 tu. Ni skii ya mtoto wa darasa la nne iliyovalishwa koti la mtu mzima. Kwenye unga nayo ilizama, kwa sababu kinachokubeba mle ni eneo, na eneo ni upana mara urefu. Niliiuza mwisho wa msimu yeni 15,000. Jozi iliyofuata, iliyotumika, ilikuwa sentimita 184 na kiuno, yaani upana wa skii chini ya buti, cha milimita 116. Mimi nina sentimita 176 na kilo 78. Kwa roka mbele na nyuma, ongeza sentimita 5 hadi 10 juu ya urefu wako, na kama ni mwepesi au ndiyo unaanza, baki karibu na urefu wako.

Hapo hapo niseme jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Kama hujawahi kuteleza kabisa, usinunue roka pana. Msimu wa kwanza kodisha skii yenye kiuno cha milimita 75 hadi 85, jifunze kuuma kwa makali. Roka inakusamehe mno: unageuka kwa kuzungusha miguu tu kama unafuta sakafu kwa dekio, unaona umeshaweza, halafu siku ya barafu unagundua hujui kitu.

Desemba theluji ya kweli inaanza. Upepo wa baridi unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani, unaokota mvuke njiani na kuumwaga kwenye milima ya kwanza unayokutana nayo. Ni miezi ileile ambayo Dar tunapigwa na kaskazi. Sapporo, mji wa watu karibu milioni mbili, hupata jumla ya karibu mita 5 za theluji kwa mwaka, na mlima Teine, palipofanyika sehemu ya mashindano ya Olimpiki ya mwaka 1972, unaufikia kwa treni na basi. Ukiwa juu kule unaiona bahari. Kwa mtu wa pwani ni faraja ya ajabu, ingawa ukishusha macho miguuni unakumbuka uko wapi.

Theluji mpya kavu ina uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo. Maji ni kilo 1,000. Maana yake ni kwamba unasimama juu ya kitu ambacho karibu chote ni hewa. Ukikishika na glavu na kukipuliza kinaruka kama unga wa ngano uliochekechwa. Skii ya kemba ikiingia mle, pua inatafuta chini. Ndipo wazee walipolazimika kukaa nyuma, magoti yamekunjwa, mapaja yanawaka moto, ili tu pua isizame. Roka inakuondolea adhabu hiyo. Simama katikati, sehemu ya mbele ya buti iguse muundi wako kidogo, mikono mbele uione. Mwili ukirudi nyuma kwenye roka mkia unazama, pua inapanda mno, na hapo huna usukani tena.

Mwendo ndio unaokunyanyua. Chini ya kasi fulani skii yoyote inazama, hata iwe pana kama meza, sawa na boti ya injini kabla haijapanda juu ya maji. Wageni wengi wanaogopa, wanafunga breki juu kabisa ya mteremko, wanakwama magotini. Chagua mteremko wenye mwinamo wa kutosha, acha skii ishuke mita kumi moja kwa moja, utasikia kwenye nyayo kitu kikilegea, kama lifti ya ghorofani inapoanza kupanda. Hapo ndipo unageuka. Na kugeuka kwenye roka si kuchonga kwa makali. Ni kuzigeuza skii zote mbili kwa pamoja na kuziacha ziteleze kiubavu, uzito nusu kwa nusu. Ukilalia mguu mmoja, mmoja huo unazama na mwingine unaendelea na safari yake.

Ukianguka na skii ikafunguka, utaitafuta. Karibu kila mtu anaitafuta chini ya pale aliposimamia. Skii ya unga haikimbii; breki zake zinaikamata, nayo inabaki imezikwa pale ilipochomoka, mita kadhaa juu yako. Panda, shika fimbo kwa mlalo, pasua theluji mistari ya karibu karibu kukata mteremko, kama unapalilia. Karakana yetu iliwauzia watu riboni za kufunga kwenye bindingi, vile vifungio vinavyoshika buti kwenye skii, ili zielee juu. Mimi nilikata pindo la kanga kuukuu, vipande viwili vya mita moja na nusu, nikafunga kila kimoja kwenye breki na kukificha ndani ya suruali juu ya buti. Rangi nyekundu kwenye weupe ule huhitaji miwani kuiona.

Hatari mbili za unga zisifanyiwe mzaha. Ya kwanza ni mashimo ya miti. Matawi ya msonobari yanazuia theluji isijae chini yake, panabaki shimo limefunikwa juu juu. Mtu anatumbukia kichwa chini, theluji inamfunika, na hawezi kujitoa mwenyewe. Usikate karibu na mti ulioinamisha matawi hadi kwenye theluji, na ukiwa msituni mwenzako awe mahali unapomwona au kumsikia. Ya pili ni maporomoko ya theluji. Skii za roka zinafanya kushuka nje ya njia rasmi kuwe rahisi kwa mtu ambaye hajui lolote kuhusu mlima, na hapo ndipo watu wanapofia. Niseko kuna mageti maalumu ya kutokea, na yakifungwa yamefungwa. Nje ya geti kila mtu abebe kifaa cha redio cha kutafutana, koleo la kuchimbia na fimbo ndefu ya kupimia, na ajue kuvitumia. Na ile bima ya matibabu uliyoikata haraka haraka, isome upya: nyingi hazigharimii ajali ya nje ya njia.

Unga mtupu, hata hivyo, ni asubuhi. Kufika saa nne watu wameshapita, mteremko umebaki na matuta laini na mifereji, na hapa sifa za madukani zinaanza kupungua. Roka bado inasaidia, kwa kuwa pua inapanda juu ya bonge badala ya kulichoma. Lakini kupanda ni jambo moja, kutulia ni lingine. Skii nyepesi, kilo 1.6 au 1.7 kila moja, zinarushwa huku na huku kama mwendesha bodaboda kwenye barabara ya vumbi. Zangu zilikuwa kilo 2.1 kila upande na zilipita kwa heshima. Kwa hiyo ukiona tangazo linajivunia wepesi, jiulize utakuwa unapanda mlima kwa miguu au kwa lifti. Kwa lifti, gramu 400 za ziada ni rafiki zako. Legeza magoti, usijaribu kuchonga, panga zamu ya kugeuka juu ya bonge na si kwenye mfereji.

Sasa barafu, mahali nilipolipia ujinga wangu kwa goti.

Wiki ya tatu ya Januari hapakuanguka kitu kwa siku tano. Njia zilikuwa zimesawazishwa kwa mashine usiku, na asubuhi zilikuwa ngumu, zinang'aa. Kuna mambo matatu yanayotokea kwa wakati mmoja. La kwanza, urefu wa makali yanayogusa ni mfupi, kwa hiyo 184 yako inashika kama ya 150. La pili, pua inapigapiga hewani. Kelele ni mbaya lakini madhara yake madogo, usiogope. La tatu ndilo baya. Theluji ngumu inasukuma kwenye makali, wakati kifundo chako cha mguu kiko katikati ya skii. Kwenye kiuno cha milimita 70 umbali huo ni milimita 35. Kwenye 116 ni milimita 58. Kila unapolalia makali, goti linapokea mkono wa wenzo mrefu zaidi, zamu baada ya zamu, na jioni upande wa ndani wa goti unauma bila kuwa umeanguka hata mara moja. Nilidhani ni buti. Mkuu wa karakana, mzee wa miaka sitini na kitu, aliinama akapima kiuno cha skii kwa vidole, akanionyesha njia ya barafu dirishani, akatikisa kichwa. Hakuongeza neno.

Kosa la pili lilikuwa langu pia. Kuna desturi ya kufubaza makali ya pua na mkia kwenye skii za unga ili zisikwame. Sahihi, ila sehemu ya kufubaza ni ile tu iliyonyanyuka, zaidi ya pale skii zinapoachana ukizibana. Nilipitisha jiwe sentimita 40 kila upande, nikala hadi ndani ya sehemu inayofanya kazi. Kwenye unga sikuona tofauti. Kwenye barafu ilikuwa kama kukata nyanya kwa mgongo wa kisu. Chini ya buti na kandokando yake makali yanatakiwa yawe makali hasa: digrii 1 upande wa tumbo, digrii 1 hadi 2 upande wa ubavu, kwa kishikio cha faili chenye pembe yake, si kwa kukisia. Ukijua siku ni ya barafu na una pesa, kodisha skii nyembamba. Mimi nililipa yeni 4,500 kwa siku, bei ndogo kuliko ya goti.

Upepo ukipiga usiku kucha, unga uleule unavunjwavunjwa na kushindiliwa mpaka kilo 350 hadi 400 kwa mita ya ujazo. Unaonekana mweupe na laini kama wa jana, ila ukichoma fimbo inagota. Roka hapa ni nzuri kuliko watu wanavyotarajia, maana theluji ya aina hii bado ina ulegevu juu na mkia ulionyanyuka unateleza bila kukwama. Tatizo ni pale unapotoka kwenye kigumu kwenda kwenye kilaini bila taarifa. Usiegemee mbele mno. Ubao wa upepo uliokaa juu ya theluji dhaifu ndio unaokatika na kuporomoka, na mlio wake wa "wuuf" chini ya miguu ni amri ya kurudi ulipotoka.

Halafu kuna ukoko. Sijapata neno bora zaidi, na kila mpika wali analijua. Jua la mchana linayeyusha juu, usiku unaganda, chini kunabaki laini. Ukoko unakubeba nusu sekunde, kisha unavunjika, skii inaingia chini yake kama mwiko, na mwili unaendelea mbele. Kwa skii ya kemba ni theluji ya kuvunjia miguu. Kwa roka inawezekana, na nathubutu kusema ndiyo kazi ambayo roka inaifanya kuliko kitu kingine chochote: pua inatoka juu ya ukoko badala ya kunaswa chini yake, na makali hayana pa kushikia. Uzito sawa miguu yote, mwendo wa wastani, zamu ndefu unazozimalizia kuelekea juu ya mlima ili kasi ijifie yenyewe. Usigeuke ghafla. Angalia mkia wa skii yako kabla ya siku hiyo: kama pua ina roka lakini mkia ni bapa, mkia utanaswa mwisho wa kila zamu, na utalaumu miguu yako bure.

Machi na Aprili theluji inakuwa uji. Roka inaogelea vizuri, hapana la kusema sana, isipokuwa nta. Maji yakijaa kati ya tumbo la skii na theluji yanavuta kama midomo, na kadiri skii ilivyo pana ndivyo inavyovutwa. Unahitaji nta laini ya joto, na mikwaruzo myembamba ya makusudi kwenye tumbo, kutoka pua hadi mkia, ya kupitishia maji. Baridi kali ni kinyume: chini ya nyuzi hasi 15 chembe za theluji ni ngumu na zenye ncha, skii inaburuta kama iko kwenye mchanga wa Coco Beach, na nta laini inatobolewa, weka ngumu. Na popote penye tambarare, roka pana ni mzigo. Sehemu inayogusa ni fupi, skii zinayumba zenyewe kulia na kushoto, wenzako wa skii nyembamba wanakupita wakiwa wamesimama tu. Weka skii kwenye makali kidogo, mguu mmoja umetangulia, zitatulia.

Kuhusu bindingi nitasema machache lakini yashike. Breki ziwe pana kuliko kiuno, hadi milimita 15 za ziada. Za milimita 100 hazitapita kwenye kiuno cha 116, na ukizilazimisha kwa koleo hazitashika. Soli ya buti ilingane na bindingi. Buti za kawaida za mlimani zina kiwango cha ISO 5355. Zile zenye soli ya mpira iliyopinda za GripWalk ni ISO 23223, na bindingi nyingi za zamani hazizipokei salama hata kama buti linaingia na kulia "tak". Nguvu ya kufunguka, ile namba ya DIN, inakokotolewa kwa uzito, urefu, umri, uwezo na urefu wa soli. Usinakili ya rafiki. Mstari wa kiwandani wa kuweka bindingi ni mahali pazuri pa kuanzia. Sentimita moja nyuma, pua inaelea zaidi. Sentimita moja mbele, skii inazunguka upesi ila inaanza kuzama. Skrubu zake si za stari ya kawaida, ni PZ namba 3, na ukitumia bisibisi isiyo yake unakula kichwa cha skrubu siku ya kwanza. Tundu ni milimita 9 kwenda chini, upana milimita 3.6 au 4.1 kutegemea kama skii ina bati la chuma ndani. Ukubwa unaohitajika kwa kawaida umeandikwa kwenye skii yenyewe.

Usafiri haukunisumbua. Skii na bindingi zilikuwa kama kilo 6.5, buti kilo 4, na nguo zilijaza nafasi ndani ya mfuko mrefu, jumla chini ya kilo 23. Nguo zenyewe ukitafuta kwa subira kwenye mitumba ya Karume utapata koti la mlimani lenye mkanda wa ndani wa kuzuia theluji kiunoni; wauzaji wanayafungua kwenye belo na hawajui thamani yake. Glavu na miwani nunua mpya huko huko.

Kosa la mwisho nililifanya baada ya kurudi. Nilizilaza skii uvunguni mwa kitanda Tabata, mwezi wa nne, masika imeshika. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, na makali ya skii ni chuma cha kawaida kinachopata kutu. Juni nilipozivuta zilikuwa na kutu ya rangi ya chai. Nikazipeleka kwa fundi mmoja wa vyuma pale Gerezani.

"Mkuu, hii ni mbao ya nini? Ya kuanikia samaki?"

"Ya kutelezea kwenye theluji. Nataka kutu itoke tu, polepole."

"Tunapitisha disk dakika mbili, inang'aa kama mpya."

Nilijua jibu sahihi ni hapana, nikanyamaza kwa sababu jua lilikuwa kali na foleni ya daladala ilikuwa ndefu. Grainda ilitoa cheche, chuma kikageuka bluu sehemu tatu, na pembe ya digrii 1 ikawa ya digrii anazozijua Mungu. Chuma kikigeuka bluu kimepata moto, ugumu wake umeondoka, na gundi iliyo nyuma yake imepikwa. Lawama si ya fundi. Alifanya alichoambiwa kwa kitu ambacho hajawahi kukiona. Kutu ya juu juu inatoka kwa msasa wa maji namba 400 na mafuta ya cherehani, mkono unaenda kwa urefu wa makali, robo saa kwa kila skii.

Kinga ni rahisi zaidi. Siku ya mwisho ya msimu, safisha, kausha, pasha nta kwa pasi kavu, nyuzi 120 hadi 130, pasi haisimami hata sekunde mbili; nta ikitoa moshi, moto umezidi. Mwaga nta nene mpaka ifunike makali yote ya chuma, usiikwangue, iache hivyohivyo hadi safari ijayo. Usizifunge zimebanana kwa nguvu katikati, maana miezi mingi ya mbano inaweza kubadili umbo la roka. Zisimamishe au zilaze ndani, mbali na bati la paa. Buti ndiyo yaniumizayo zaidi: maganda mengi ni ya polyurethane, na plastiki hiyo kwenye joto na unyevu inaozea ndani kwa ndani. Linaonekana zima kabatini, unalivaa mlimani, linapasuka vipande. Buti lililokaa Dar zaidi ya miaka michache likunje, ligonge, ulichunguze lote kabla hujalipakia. Toa soksi ya ndani, funga vishikizo vilegee, tupia vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.

Jozi ya 184 bado ipo. Makali nimeyarekebisha kadiri yalivyokubali. Kwa unga na uji zinafaa, kwa barafu nisikudanganye. Anayesafiri msimu huu akizihitaji azichukue bure, ila anitumie kwanza urefu wa soli ya buti lake kwa milimita, umechorwa ubavuni karibu na kisigino. Bindingi zimepigwa kwa 305, na zinasogea mpaka 315 bila kutoboa tundu jipya.